Dogo Nusura Aniponze!

Jamani, mwenzenu nusura nikose kazi! Niko kwenye intavyu ya video, bosi anauliza, sauti inakatika kama redio ya betri chovu. Kumbe chumba cha pili dogo anashusha gemu! Niliumbuka.

Sikugombana naye. Nilichukua kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, nikaweka Linux, ikawa ruta. Laini yetu ni Mbps 10. Nikaibana kwenye 9, kuingia na kutoka, ili foleni ipangwe kwangu, siyo kwenye modemu. Kisha nikawasha CAKE, iliyoingia Linux 4.19 mwaka 2018. Inagawa zamu: pakiti chache za simu zinapenya, gemu linasubiri.

Intavyu ya pili dogo alishusha weee, mimi nikaongea mpaka mwisho. Kazi nimepata. Bili ya intaneti sasa? Nalipa mimi!