Mtoto hali chakula bila katuni? Anza hivi kumpunguzia simu

Uji umeshapoa, kijiko kiko mkononi, lakini mtoto wa miaka miwili amefumba mdomo. Mama anachukua simu, anaweka katuni, na mdomo unafunguka. Kijiko cha kwanza kinapita, cha pili kinapita, hatimaye bakuli linakwisha. Simu ikiondolewa, kilio kinaanza.

Katika nyumba nyingi za mijini, mtoto huzoeshwa simu kwa namna hii. Si kwamba mzazi ni mzembe. Simu inamsaidia kulisha, kubembeleza na kumtuliza mtoto wakati sufuria iko jikoni na nguo ziko kwenye beseni. Ndiyo maana kumnyang'anya tu hakudumu. Mzazi anatakiwa kwanza kujua simu inafanya kazi gani nyumbani kwake, kisha atafute njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo.

Kiwango kinachoshauriwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa Aprili 2019 unashauri mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asikalishwe kabisa mbele ya runinga, simu au tableti. Kuanzia miaka miwili hadi minne, muda huo usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kuchangamsha mwili kila siku, na usingizi wa saa 10 hadi 13. Saa za katuni zikiongezeka, michezo na usingizi ndivyo vinavyopungua.

Lugha nayo huguswa. Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kujibiwa. Akisema "maa" huku akinyoosha kidole, mama humwuliza, "Unataka maji?" Katuni huongea sana, lakini haimsubiri wala haimjibu. Kwa sababu hiyo, madaktari wa watoto wa Marekani wanaposhauri watoto wachanga waepushwe na skrini, hawakatazi simu ya video. Baba aliye safarini anamwona mtoto na kumjibu.

Anza na mlo mmoja

Mtoto anayekula huku macho yako kwenye katuni hasikilizi vizuri tumbo lake likimwambia ameshiba. Usibadilishe milo yote kwa siku moja. Chagua mmoja, kwa mfano chakula cha mchana, na simu zote ziwekwe mbali, pamoja na ya mzazi.

Kaeni pamoja. Mpe kijiko chake na kipande cha ndizi au kiazi laini akishike mwenyewe, hata akichafuka. Akikataa baada ya kama nusu saa, ondoa chakula bila ugomvi na usubiri mlo unaofuata. Siku za mwanzo atalia na atakula kidogo. Usiporudisha simu, atazoea. Lakini kama anapungua uzito au anakataa chakula siku nzima, mpeleke kliniki.

Wakati wa kupika, mwekee mbali na moto sufuria tupu, mwiko na bakuli za plastiki apige na kupanga. Akilia kwa hasira, mbebe, mwambie "najua umekasirika", umpe muda atulie. Asipopata nafasi hiyo, atazoea kutulizwa na simu tu.

Usiku, zima skrini saa moja kabla ya kulala. Mwogeshe, msimulie hadithi au mwimbie, na simu isilale kitandani kwake.

Saa moja itumike vizuri

Kwa aliyefikisha umri, chagua wewe cha kutazama. Katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wadogo, inapatikana kwa Kiswahili. Tazama naye na umwulize: "Huyu anafanya nini? Yetu iko wapi?"

Zima mpangilio unaoleta video nyingine yenyewe. Mwambie mapema, "Hii ikiisha tunazima," na ikiisha uzime kweli. Ukiongeza moja kwa sababu amelia, kesho atalia zaidi.

Nyumba nzima ikubaliane

Mama akizima na dada wa kazi akawasha, mtoto atajua pa kukimbilia. Bibi, baba na dada waelezwe utaratibu mmoja. Dada asilaumiwe kwa kutumia simu ikiwa ameachiwa watoto, kufua na kupika peke yake. Apunguziwe kazi kwanza. Na mzazi anayekula huku anasoma ujumbe ajue anaigwa.

Usisubiri kwa dalili hizi

Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu bila kusema neno lolote lenye maana, asipogeuka akiitwa jina, au akiacha maneno aliyokuwa anayasema, mpeleke kituo cha afya. Usiishie kuilaumu simu, kwani huenda tatizo liko kwenye masikio au ukuaji wake, na likigunduliwa mapema husaidia.

Kwa wengine wote, kazi inaweza kuanza leo na bakuli moja la uji. Huenda likabaki nusu, lakini mtoto atakuwa ameutazama uso wa anayemlisha.