Kipimo cha Masizi Hewani Kinavyosaidia Kubaini Chanzo cha Moshi

Kila kiangazi, moshi wa mashamba yanayosafishwa kwa moto na wa misitu ya miombo hutanda katika anga la Mpanda na maeneo mengine ya Mkoa wa Katavi. Huchanganyika na moshi wa majiko ya kuni, matanuri ya mkaa, mabani ya tumbaku na magari ya dizeli. Kwa macho, moshi huo wote ni mmoja. Kipo, hata hivyo, kifaa kinachoweza kuutenganisha.

Kifaa hicho huitwa ethalomita, nacho hupima masizi, ambayo wataalamu huyaita kaboni nyeusi. Masizi hutokana na kuni, nyasi au mafuta yasiyoungua kikamilifu, na ndiyo yanayoganda kwenye masufuria na mapaa ya majiko. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Aidha, hufyonza joto la jua na kuchangia ongezeko la joto duniani.

Utendaji wa ethalomita ni rahisi kueleweka. Pampu huvuta hewa kupitia utepe wa chujio, na masizi hunasa hapo na kufanya doa. Mwanga humulikwa kwenye doa hilo. Kadiri linavyozidi kuwa jeusi, ndivyo mwanga unaopenya unavyopungua. Kutokana na upungufu huo, kifaa hukokotoa mikrogramu za masizi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Doa likikolea, utepe husogea na upimaji huendelea.

Ethalomita za kisasa hutumia mwanga wa aina saba, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Moshi wa kuni na nyasi hufyonza urujuanimno kwa wingi kuliko moshi wa dizeli. Kwa kulinganisha vipimo hivyo, wataalamu hukadiria mchango wa kila chanzo.

Nchini Rwanda, vipimo vya aina hiyo katika kituo cha Mlima Mugogo vimeonesha kuwa masizi huongezeka wakati wa kiangazi, msimu wa uchomaji wa mimea katika ukanda huu. Moshi, kwa hiyo, hauna mipaka.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi kupima kaboni nyeusi, ingawa halikuiwekea kikomo. Hapa nchini, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Masizi hukaa hewani kwa siku au wiki chache tu, hivyo manufaa ya kuyapunguza huonekana mapema. Wananchi wanashauriwa kuepuka kuchoma mashamba, kutumia kuni zilizokauka vyema, kupikia mahali penye hewa ya kutosha, na kuwaweka watoto mbali na moshi.