Je, Wajua? Rangi ya Baiskeli Ilizaa Mtindo wa Sanaa

Je, wajua kuwa michoro ya tingatinga, inayopamba maduka ya sanaa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, ilianza na rangi ya baiskeli?

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, hakusomea uchoraji. Alikuwa akihangaika na vibarua jijini Dar es Salaam, na mnamo 1968 akaanza kuchora ili aongeze kipato. Hakusubiri turubai wala rangi za bei ghali za wasanii. Alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, ile ile ya mafundi ujenzi, na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli.

Uhaba huo, kwa maoni yangu, ndio uliomfungulia njia. Rangi ile nzito hung'aa ikikauka, basi ikafaa kabisa kwa mandhari ya rangi moja, na juu yake chui, ndege au tembo aliyechorwa kwa mistari thabiti na madoa. Mnyama mmoja tu, akijaza ubao mzima!

Alichora kwa takriban miaka minne. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi: ndugu na vijana walikuwa wamejifunza wakikaa kando yake, wakitazama na kuiga, hadi kila mmoja akapata mkono wake. Wao ndio walioendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.