Upepo Kwanza, Mwezi Baadaye: Kupanga Safari za Uvuvi wa Dagaa Ziwa Tanganyika

Katika mialo ya Kigoma, hesabu ya kazi ya mvuvi wa dagaa huanza na mwezi. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, vijana wa kambi hurudi kwao kwa siku kadhaa. Giza likirejea, taa huwashwa tena. Desturi hii ina sababu nzuri, na makala haya hayaibezi. Ninachobishia ni hatua inayofuata, pale mvuvi, au mfanyabiashara anayemkopesha mafuta na chakula cha kambi, anapoichukua kalenda ya mwezi kuwa ndiyo kalenda ya samaki. Mwezi hujibu swali moja, nalo ni kama taa itafanya kazi usiku huo na kwa saa ngapi. Kama wapo dagaa wa kuvutwa na taa hiyo, hilo ni swali la msimu na upepo, na mvuvi anayeanza na mwezi huishia mara nyingi kuchoma mafuta yake kwenye giza zuri lisilo na samaki.

Tuanze hata hivyo na kile ambacho mwezi unakifanya kweli. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mchana hukaa kina kirefu, mbali na macho ya migebuka na sangala wanaowawinda. Jua likizama hupanda kuvifuata vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo navyo hupanda kula mwani. Karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua, huwakusanya chini ya mtumbwi ambako wavu unasubiri. Nguvu ya taa haitokani na ukali wake peke yake, bali na tofauti iliyopo kati ya mwanga wake na mwanga unaoizunguka. Usiku wa giza totoro samaki aliye mbali huiona. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa zima, tofauti ile hupungua, samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na vijidudu wanavyovila hubaki chini zaidi. Maji ya Tanganyika ni maangavu kuliko ya maziwa mengi, kiasi kwamba sehemu nyingi kitu cheupe huonekana hata kikiwa mita kumi chini, hivyo mwanga wa mwezi hupenya mbali. Ziwa Victoria, lililojaa mwani na matope, huuzima mwanga huohuo ndani ya mita chache. Kwa sababu hiyo siamini kwamba kanuni ya mwezi iliyojaribiwa Kigoma inapaswa kuhamishiwa Mwanza au Musoma bila kupimwa upya.

Wengi hukosea pia katika kuugawa mwezi. Huzihesabu siku za giza na siku za mbalamwezi kana kwamba kila usiku ni kipande kimoja, ilhali mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu huchomoza jua likizama na kuangaza hadi alfajiri. Siku tatu baadaye huchomoza karibu saa tatu usiku, na hapo pana takriban saa mbili za giza kamili mwanzoni mwa usiku. Mwezi unapokuwa nusu kuelekea kufa, huchomoza karibu saa sita usiku; unapokuwa nusu kuelekea kukua, hutua saa hizohizo na kuacha giza hadi asubuhi. Tena mwezi nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hutoa karibu sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu miale ya jua huupiga kwa upande na vivuli vya milima na mashimo yake huufifisha. Kambi inayolala wiki mbili nzima kwa sababu ya mbalamwezi inapoteza usiku kadhaa ambao taa ingefanya kazi vizuri, na hiyo ni hasara inayorekebishika kwa saa ya mkononi na jedwali la kuchomoza kwa mwezi.

Sasa tugeukie msimu, maana hapa ndipo samaki wanapoamuliwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa na urefu wa zaidi ya kilomita 650, limelala kutoka kaskazini hadi kusini ndani ya bonde la ufa. Rutuba nyingi inayolisha mwani imezama kwenye maji ya chini, na maji hayo hayana oksijeni: kaskazini mpaka wa oksijeni uko kwenye mita kama 100, kusini karibu mita 200. Dagaa hawawezi kuifuata rutuba hiyo kule iliko, lazima ipandishwe. Kazi hiyo hufanywa na upepo wa kusini mashariki, ndugu wa kusi ya pwani, unaovuma kwa nguvu tangu Mei hadi karibu Septemba. Huyasukuma maji ya juu yenye uvuguvugu kuelekea kaskazini, tabaka lake likawa nene upande wa Burundi na jembamba upande wa Zambia, na kusini kule maji ya chini hupanda na rutuba yake. Joto la maji ya chini ni nyuzi kama 23 tu, na ya juu hufikia 26 au 27. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana upepo unaweza kulitikisa ziwa lenye kina kikubwa namna hiyo. Unapotulia mnamo Septemba na Oktoba, yale maji yaliyorundikana kaskazini hurudi kusini, na mpaka kati ya maji ya juu na ya chini huanza kuyumba, huku ukipanda, kule ukishuka, kama maji ya beseni lililoinamishwa na kuachiwa. Ni wimbi, ila liko ndani ya ziwa, na aliyesimama ufukweni halioni. Linapoinuka upande wa kaskazini hukaribisha rutuba kwenye mwanga, mwani hustawi, vijidudu huongezeka, na dagaa hufuata.

Wimbi hilo la ndani lina tabia moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo chanzo cha kuchanganyikiwa kwetu. Safari yake ya kwenda na kurudi huchukua kati ya wiki tatu na tano. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu. Vipindi viwili vilivyokaribiana hivyo vinaweza kwenda sambamba kwa muda na kumfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba kimoja ni sababu ya kingine. Chukua mfano wa wimbi la siku 25. Likianza kuinuka wakati wa giza, mvuvi atapata samaki tele na kuusifu mwezi. Mzunguko unaofuata wimbi litawahi giza kwa siku nne na nusu, naye bado atapata. Baada ya mizunguko mitatu litakuwa limewahi kwa zaidi ya siku 13, yaani kuinuka kwake kutaangukia karibu na mwezi mpevu, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Giza litakapokuja wimbi litakuwa limeshuka. Mvuvi atakuta ziwa tupu usiku ambao kalenda yake ilimwahidi neema. Atasema samaki wamehama, au kwamba jirani ametumia nyavu haramu, na huenda hilo la pili ni kweli pia. Lakini hata bila kosa la mtu yeyote, kalenda ya mwezi pekee ingemwangusha. Msimu mmoja wa kumbukumbu hautoshi kuyatenganisha mambo haya mawili. Inahitajika miezi mingi mfululizo, upepo ukiandikwa pamoja na mwezi.

Watakaonipinga kwa haki zaidi ni wavuvi wakongwe, wanaosema walijua mwezi na samaki kabla ya vipimo vya watafiti. Nawakubalia zaidi ya wanavyodhani. Kwanza, mvuvi mkongwe hategemei mwezi peke yake. Hutazama rangi ya maji, ndege, upepo wa jioni na ubaridi wa maji mkononi, na ubaridi huo ni dalili halisi ya maji ya chini kupanda. Tatizo linaanza pale ujuzi huo mpana unaporithishwa kwa vijana kwa ufupi, likabaki neno moja, giza. Pili, upo ushahidi kwamba mwezi huwagusa samaki wenyewe, taa iwepo au isiwepo. Limnothrissa walichukuliwa kutoka Tanganyika na kupandikizwa katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, wakateremka Mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Huko mtafiti wa Poland, Maciej Gliwicz, alionyesha katika makala ya mwaka 1986 kwamba wingi wa vijidudu hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Siku chache baada ya mwezi kuwa mpevu, vijidudu hupanda juu gizani wakati wa magharibi, kisha mwezi huchomoza ghafla na kuvianika mbele ya samaki, navyo huliwa kwa wingi. Ushahidi huu hauiokoi kalenda ya kawaida, kwa sababu unaonyesha samaki wakila sana usiku ambao kambi nyingi zimelala. Unachotufundisha ni kuupima mwezi kwa saa za kuchomoza, jambo ambalo taa nazo zilikwisha kutuambia.

Pingamizi la pili hutoka pwani, ambako mwezi huamua bamvua na maji mafu, na mvuvi asiyeujua hawezi hata kupita kwenye mwamba. Hoja hiyo ni sahihi baharini na haivuki kuja ziwani. Kupwa na kujaa kwa Ziwa Tanganyika hakufiki kiasi cha mtu kukiona kwa macho. Vivyo hivyo majedwali ya saa za samaki yanayopatikana kwenye simu, yenye asili katika nadharia ya Mmarekani John Alden Knight ya mwaka 1926: yanatoa saa za kula kwa samaki wa kila mahali bila kuuliza kama upepo umevuma, na kwangu jedwali linalosema jambo hilohilo Kigoma na Mpulungu upande wa Zambia siku moja, wakati pande hizo mbili za ziwa ziko katika hali zinazopingana, halistahili kuongoza safari.

Kuna jambo moja linaloweza kufuta mpango wowote, nalo ni hali ya hewa ya usiku wenyewe. Ziwa Victoria ndilo mfano mkali zaidi. Nchi kavu hupoa usiku, ziwa hubaki na joto, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati na kupanda, na dhoruba hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako mbali na ufuo. Watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walionyesha mwaka 2017 kwamba dhoruba za mchana nchi kavu huathiri ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Hii ni dalili ambayo mtu anaweza kuitumia kabla ya kusukuma mtumbwi, pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na hapa giza linalopendwa na taa linageuka kuwa adui, maana wingu linalojengeka halionekani. Hakuna pato la dagaa linalolipa safari iliyoanzwa baada ya jioni ya radi bara.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: msimu huchagua miezi, upepo huchagua wiki, mwezi huchagua saa, na hewa ya usiku huwa na neno la mwisho. Nitaulizwa kama mtu mwenye deni la mafuta anaweza kusubiri upepo. Mara nyingi hawezi. Lakini deni ndilo linalofanya hesabu hii iwe ya maana, kwa sababu anaweza kwenda na taa chache, karibu na ufuo, katika wiki dhaifu, na kuweka mafuta kwa wiki ambazo upepo umekatika na maji yamepoa. Tanzania na jirani zake zilipositisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kipindi kilichochaguliwa kiliangukia ndani ya msimu wa upepo, wakati ziwa linapopata rutuba yake. Anayerudi majini baada ya tarehe hiyo hana haja ya kuuliza mwezi uko wapi kabla hajauliza upepo umetulia lini. Swali hilo litazidi kuwa zito, kwa kuwa tabaka la juu linazidi kupata joto na kuwa gumu kuchanganyika na la chini; utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20.

Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika mialo vinaweza kufanya kazi ambayo hakuna chombo cha angani kitakachovifanyia: daftari lenye tarehe, nguvu na uelekeo wa upepo wa jioni, joto la maji, saa ya kuchomoza au kutua kwa mwezi, idadi ya taa na uzito wa samaki. Ziandikwe pia safari zilizorudi mikono mitupu, na siku ambazo hakuna aliyetoka. Takwimu za mwaloni huhesabu kilichotua, na usiku wa mbalamwezi hutua kidogo kwa sababu wengi hawakwenda. Kisha uchache huo hutumiwa kama ushahidi kwamba samaki hawakuwepo. Mitumbwi michache ikitoka kwa zamu katika siku hizo, kwenye zile saa mbili za giza kabla mwezi haujachomoza, na ikaandika ilichopata kwa mwaka mzima, tutaweza kusema ni sehemu gani ya desturi hii inatokana na samaki na ni ipi inatokana na mitumbwi kulala.