Kuku Mmoja Akisinzia, Litazame Kundi Zima

Kuku huficha ugonjwa. Kiumbe anayewindwa na mwewe mchana na kicheche usiku hana faida ya kujionyesha mnyonge, hivyo hujikaza, huandamana na wenzake na kudonoadonoa hata kama hamezi kitu. Ukimkuta asubuhi amejikunyata nyuma ya ghala, manyoya yamemsimama na macho yamefumba nusu, ujue ugonjwa ulimwingia siku kadhaa zilizopita, na siku hizo zote amekuwa akinywa maji katika sufuria moja na wenzake.

Ndiyo maana mimi husema kwamba mgonjwa wako wa kwanza ni kundi, kisha kuku yule. Huku Homa Bay, kuanzia Ndhiwa hadi fuo za Mbita, ni nadra kukuta boma lisilo na kuku wa kienyeji wanaojitafutia mchana na kulala jikoni usiku. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya kuku milioni 30 wa aina hiyo Kenya nzima. Ni kitoweo cha mgeni na ni pesa ya haraka karo inapodaiwa. Hata hivyo wengi wao hawajawahi kuonja tone la chanjo, na mmoja akiugua mwenye kuku huenda moja kwa moja kwenye duka la agroveti kuomba "dawa ya kuku". Muuzaji naye humpa kile kilicho karibu na mkono wake.

Kabla ya duka, mtenge mgonjwa. Tenga lililofunikwa linatosha, mahali penye kivuli na hewa, mbali na wenzake. Mpe maji yake na chakula chake. Mhudumie mwisho, baada ya wale wazima, kisha nawa mikono kwa sabuni na uvue ndara zako hapo hapo. Watoto wasimchezee.

Sasa mshike umkague. Pitisha kidole kifuani. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kidari. Ukiukuta mfupa umechongoka kama kisu, ugonjwa wake ni wa muda mrefu: minyoo, njaa, au wadudu wanaomnyonya damu. Lakini kama amejaa nyama vizuri na jana alikuwa mzima, ugonjwa umekuja kwa kasi, na hapo ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi juu ya kundi. Gusa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Alfajiri linapaswa kuwa tupu. Likiwa bado limejaa na gumu, huenda amemeza majani marefu au kipande cha plastiki kilichoziba njia. Tazama upanga wake. Ukipauka, damu imepungua. Funua mabawa utafute chawa na utitiri, kisha tazama pembeni mwa macho, ambako viroboto weusi hujishikiza makundi makundi hata jicho likashindwa kufunguka. Hao wapake mafuta mazito ya kujipaka, wakose hewa wafe, ila jicho lenyewe usiliguse.

Kisha kinyesi. Cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe juu. Mara kwa mara kuku mzima hutoa kingine laini, cheusi na chenye harufu kali, na watu hushtuka bure. Hicho hutoka kwenye matumbo mawili yasiyo na mlango wa pili na hakina ubaya. Kinyesi cha kijani nacho kimeonewa sana. Kuku yeyote ambaye hajala hutoa kijani, kwa sababu ni nyongo tupu inayopita. Kwa hiyo usitangaze kideri, ugonjwa nitakaoueleza hapa chini, kwa sababu ya rangi peke yake. Na tafadhali, kuku anayeatamia usimhesabu mgonjwa: hukaa amejitutumua, hula kidogo, na akishuka hutoa rundo moja kubwa linalonuka. Hiyo ni kazi yake.

Damu kwenye kinyesi cha vifaranga wa wiki tatu hadi nane, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapolowesha sakafu ya banda, mara nyingi ni koksidiosisi. Hiyo inatibika. Dawa iitwayo amproliamu huwekwa kwenye maji ya kunywa kulingana na maelezo ya kibandiko, na matandiko yaliyolowa hutolewa yote siku hiyo hiyo. Uso uliovimba, kamasi zenye harufu mbaya na jicho lililogandamana ni mafua ya kuku, ambayo husababishwa na bakteria na husikia antibiotiki. Vigaga vyeusi kwenye upanga na kandokando ya macho ni ndui ya kuku, inayoenezwa sana na mbu, na mbu hatuna uhaba nao karibu na ziwa. Ndui haina dawa, lakini kuku wengi hupona ndani ya wiki tatu au nne ikiwa watasaidiwa kula. Wanaokufa mara nyingi hufa kwa kuwa hawaoni chakula. Safisha macho kwa maji ya uvuguvugu na umwekee chakula chini ya mdomo.

Taifodi ya kuku ni kesi ngumu zaidi. Hushika zaidi kuku wakubwa, hutoa kuhara kwa manjano, na upanga hupauka. Antibiotiki hupunguza vifo, ila kuku aliyepona huweza kubaki na vijidudu mwilini na kuvipitisha kwenye mayai hadi kwa vifaranga. Kuku wa namna hiyo simpi mayai ya kuatamia, na hamfai jirani kama zawadi.

Hapo kati, neno juu ya antibiotiki. Vile vidonge vya binadamu vya rangi mbili vinavyofunguliwa na kumwagwa kwenye maji ya kuku haviui virusi hata kimoja. Vinachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa ambayo kesho itahitajika kwa mtoto wako. Hata dawa halali ya kuku ina siku zake ambazo mayai na nyama havifai kuliwa. Zimeandikwa kwenye kibandiko, na kama muuzaji hawezi kukusomea, nenda duka jingine. Pilipili, shubiri na mwarobaini vimo katika kila boma. Sijaona kimojawapo kikizuia kideri. Majivu nayakubali: kuku akioga kwenye mchanga uliochanganywa na majivu, chawa hupungua.

Kideri ndicho hasa kinachomaliza mabanda. Ni ugonjwa wa Newcastle, uliopewa jina hilo baada ya kuonekana kwenye mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia Java. Ni virusi. Dalili zake ni kutweta mdomo wazi, kuhara maji ya kijani, mabawa kuning'inia, miguu kulemaa, na kwa wanaodumu siku chache, shingo kupinda hadi kichwa kikatazama nyuma. Wengine hawaonyeshi lolote. Unawakuta wamekufa chini ya kichanja. Katika kundi lisilochanjwa wanaweza kufa karibu wote. Kipimo changu cha haraka ni hiki: wakubwa kwa wadogo, zaidi ya mmoja, ndani ya siku mbili tatu. Ukiona hivyo, usitafute dawa, kwa maana haipo popote duniani.

Kinachofuata ndicho kinachoeneza ugonjwa kuliko upepo. Kuku wa kwanza akianguka, wale wanaosinzia huchinjwa haraka "kabla hawajafa bure", na walio wima hufungwa miguu, hupandishwa bodaboda na kupelekwa sokoni Oyugis au Rodi Kopany kabla bei haijaanguka. Naelewa, ni hasara kubwa kwa mama mwenye boma. Lakini virusi huchukua siku tano au sita hivi, wakati mwingine hata wiki mbili, kabla ya dalili kutokea, na yule kuku anayeonekana mzima sokoni anafika kwa mnunuzi akiwa tayari na mzigo. Manyoya na matumbo yanayotupwa nyuma ya jikoni huburutwa na mbwa hadi boma la pili. Desemba na Pasaka, wageni wanapobeba na kubebeshwa kuku, ndipo simu yangu hulia zaidi.

Basi wafe wasife, wasitoke nje ya boma. Waliokufa wachomwe au wafukiwe kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Wasitupwe mtoni wala ziwani. Vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye Jik, na vianikwe juani. Mfugaji anayeshika kuku wa kideri anaweza kuvimba na kuwashwa macho kwa siku chache, hivyo anawe kabla ya kujigusa uso.

Kuna sababu ya kumpigia simu afisa wa mifugo vifo vinapofuatana. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege, baada ya ndege wa porini kufa katika fuo za Ziwa Victoria karibu na Entebbe na ugonjwa kufika kwa kuku wa kufugwa. Kenya ikazuia kuku wa kutoka huko. Ziwa hilo ndilo linalogusa Kendu Bay na Mbita, na ndege hawana pasipoti. Kwa macho tu, hakuna daktari awezaye kuapa kwamba hiki ni kideri na kile ni mafua ya ndege. Maabara ndiyo husema, na ndiyo sababu simshauri mtu kula kuku aliyekufa au anayekata roho, hata akiahidi kumchemsha hadi mifupa ilainike.

Turudi kwa yule mmoja chini ya tenga. Kama wenzake wako salama na ana nguvu ya kusimama, anastahili kuuguzwa. Ukosefu wa maji humuua kuku kabla ya ugonjwa wenyewe. Usimfungue mdomo na kumiminia: tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo amekwisha. Mshike wima, dondosha maji yenye glukosi kidogo pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, umwache ameze mwenyewe. Chakula kiwe laini: unga uliolowekwa, yai lililochemshwa na kupondwa, omena iliyosagwa, mchicha uliokatwakatwa. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe yeye wala wenzake. Sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 huharibu ini la kuku na kushusha kinga yake. Mtaga aliyekwama na yai, anayekaza na kutembea wima, mkalishe nusu mwili kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika ishirini, kisha kwenye giza tulivu. Baada ya siku tatu bila nafuu, au shingo ikiwa imepinda asiweze kula, mchinje umpumzishe, umfukie. Akipona, akae peke yake wiki mbili zaidi. Muda huo huo unamfaa kuku yeyote mgeni, hata aliyetoka kwa mkweo.

Kideri kina kinga, na ni ya bei nafuu. Taasisi ya chanjo za mifugo ya serikali, KEVEVAPI, hutengeneza chanjo yake hapa nchini. Ni tone moja kwenye jicho, halafu hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inahitaji wiki moja hadi mbili kufanya kazi, kwa hiyo kuchanja ugonjwa ukiwa tayari bomani ni kuchelewa. Ugumu uko kwenye chupa. Ndogo nyingi huwa za dozi 100 au zaidi, hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa inapaswa kuisha ndani ya saa mbili hivi. Mwenye kuku kumi na wawili huona ni upotevu, akaahirisha, na jirani yake akaahirisha vile vile.

Jioni hii hesabu kuku wako, kisha uwahesabu wa majirani wanaopakana nawe. Wakifika mia, chagueni asubuhi moja mwezi Novemba, kuku wakiwa bado wamefungiwa, mumpigie afisa wa mifugo wa wadi yenu aje na chupa moja kwenye kipoza chenye barafu.