Bakteria, Umeme na Urani ya Rifle

Katika mji mdogo wa Rifle, jimboni Colorado nchini Marekani, mtambo wa kuchenjua vanadiamu na urani uliokuwa kando ya Mto Colorado ulifungwa mwaka 1958. Topesumu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutiwa kemikali, baadaye lilichimbwa na kuhamishiwa kwingine, lakini urani ilikuwa imekwisha kupenya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, ambayo hayazolewi kwa tingatinga.

Urani iliyopungukiwa na elektroni sita huyeyuka na kusafiri na maji. Ikipewa mbili, hugeuka chembe ngumu zinazonasa mchangani. Kazi yote, basi, ni kumpata mtoaji wa elektroni. Bakteria wa jenasi ya Geobacter, waliogunduliwa na Derek Lovley katika tope la Mto Potomac mwaka 1987, hula asetati, chumvi ya asidi ileile inayoipa siki ukali wake, kisha badala ya kutegemea oksijeni huzitua elektroni juu ya kutu ya chuma, na urani ikiwapo huipa pia. Mwaka 2002 watafiti waliingiza asetati ardhini Rifle, bakteria hao wakastawi, na katika baadhi ya visima urani ikashuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Aliyepima maji wiki zile tu angeondoka ameridhika, lakini baada ya chuma kupungua, bakteria wanaotumia salfati walishika nafasi, na urani ikapanda tena ilhali asetati ingali ikimiminwa.

Umeme unaweza kuchukua nafasi ya asetati. Kelvin Gregory na Lovley walionyesha mwaka 2005 kwamba elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme kati ya waya na maji, ikiwa peke yake huivuta urani upesi, lakini umeme ukikatwa urani yote hurudi majini, kwa kuwa ilikuwa imejishikiza tu bila kupokea elektroni. Walipoweka Geobacter sulfurreducens, urani ilibaki juu ya elektrodi hata baada ya umeme kukatwa, mradi oksijeni isiingie. Faida yake si ndogo: urani iliyonaswa mchangani hubaki pale pale, tayari kuyeyuka siku maji yenye oksijeni yatakapopita, ilhali elektrodi yaweza kung'olewa pamoja na mzigo wake, ingawa huyahudumia tu maji yanayoifikia.