Maua ya uani yaweza kuwa mtaji Msangeni

BEI ya kahawa ilipoporomoka katika soko la dunia mwaka 2001, wakulima wengi wa milimani waliona hatari ya kutegemea zao moja. Kwa kaya ya Kata ya Msangeni, Tarafa ya Ugweno wilayani Mwanga, moja ya shughuli za nyongeza zisizohitaji shamba jipya ni kutengeneza manukato makavu ya maua na viungo, yanayowekwa sebuleni au kabatini.

Matumizi ya maua kwa manukato si mageni nchini. Wanawake wa mwambao hufunga vikuba kwa asumini, mkadi na rehani. Tofauti ni kwamba kikuba hunyauka upesi, lakini mchanganyiko mkavu hudumu kwa miezi.

Malighafi nyingi hupatikana nyumbani: petali za waridi, mchaichai, majani ya mkaratusi na maganda ya machungwa. Tangawizi hulimwa kwa wingi Mamba Myamba, wilayani Same. Karafuu, mdalasini na ubani hununuliwa sokoni.

Kikwazo kikubwa mlimani ni unyevu. Maua yachumwe asubuhi, umande ukishakauka. Petali zitandazwe tabaka moja juu ya wavu au ungo, kivulini penye hewa, na zigeuzwe kila siku. Jua kali hufifisha rangi na kupunguza harufu. Ziko tayari zinapovunjika kama karatasi, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili. Msimu wa masika si wakati mzuri wa kuanza.

Kwa vikombe vinne vya petali na majani makavu, changanya kijiko kimoja cha karafuu, vijiti viwili vya mdalasini vilivyovunjwa, nusu kikombe cha maganda makavu na kijiko kimoja cha ubani uliosagwa. Ubani husaidia kushika harufu. Funika ndani ya chupa ya kioo, weka gizani wiki nne hadi sita na tikisa kila baada ya siku chache. Matone ya maji yakionekana kwenye kioo siku za mwanzo, toa na ukaushe tena, kwani kuvu likiingia mzigo wote hutupwa.

Wengi hupata hasara kwenye hesabu. Kilo moja ya petali kavu huhitaji takriban kilo tano au zaidi za petali mbichi. Mtengenezaji ajumlishe viungo, vifungashio, nauli ya kwenda Mwanga, Same au Moshi na siku zake za kazi, kisha agawe kwa idadi ya pakiti kabla ya kupanga bei.

Wanunuzi wa kufikiriwa ni nyumba za wageni, wapambaji wa harusi na maduka ya zawadi. Pakiti iandikwe wazi kuwa si chai wala chakula. Ushauri wa vifungashio na biashara hutolewa na SIDO, yenye ofisi mjini Moshi.

Ni busara kuanza na pakiti kumi, kuzipeleka kwa wanunuzi, na kuongeza uzalishaji pale tu wanaporudi kununua tena.